Maswali ya Wasomaji: Chelezo kilichoinua meli juu ya maji

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, hapa kwetu Mwanza meli ikihitaji matengenezo hupandishwa kwenye chelezo. Nimesikia kwamba London, enzi za Malkia Victoria, palikuwa na mtambo ulioinua meli nzima kwa nguvu ya maji. Ulifanyaje kazi, na uliishia wapi? (Msomaji, Mwanza)

JIBU: Mtambo huo ulikuwepo kweli, upande wa kusini wa Royal Victoria Dock, bandari iliyochimbwa katika vinamasi vya mashariki mwa London na kufunguliwa mwaka 1855. Wenye mradi walikuwa makandarasi wa reli, miongoni mwao Samuel Morton Peto na Thomas Brassey, na mhandisi wao alikuwa George Parker Bidder. Si ajabu, basi, kwamba reli ilifika gatini tangu mwanzo, na lango likajengwa pana ili kupokea meli kubwa za mvuke.

Penye meli nyingi, kazi ya kukwangua matumbo yake, kuyapaka rangi na kukagua rafadha, yaani pangaboi linalosukuma meli, haikwepeki. Lakini kuchimba chelezo kikavu, yaani shimo linaloingizwa meli kisha maji yakatolewa, katika tope laini kuligharimu fedha nyingi, na kila chelezo kilishikiliwa na meli moja hadi fundi amalize. Edwin Clark, ambaye awali alishughulika na kuinua kwa mitungi ya haidroli, yaani inayosukumwa kwa shinikizo la maji, mapande makubwa ya chuma ya daraja la Britannia huko Wales, alibuni njia nyingine. Alisimamisha safu mbili za nguzo, kila safu ikiwa na mitungi 16 ya haidroli, na kati ya safu hizo ikapita mihimili iliyozama majini. Juu ya mihimili liliwekwa tishali bapa la chuma (chombo cha kuelea, kwa Kiingereza pontoon), na meli ikavutwa hadi juu yake. Pampu za mvuke ziliposukuma maji mitungini, vyote vilipanda pamoja. Maji yaliyokuwemo ndani ya tishali yakamwagwa, valvu zikafungwa, mihimili ikashushwa, na tishali likabaki likielea na meli mgongoni.

Kwa maoni yangu, werevu wenyewe ulikuwa katika hatua iliyofuata, kwa kuwa tishali na mzigo wake vilivutwa hadi kwenye kidimbwi cha kina kifupi, mafundi wakafanya kazi bila haraka, na mtambo ukawa huru kuinua meli nyingine.

Kilichouangusha ni ukubwa wa meli, ambazo ziliendelea kurefuka na kuongezeka uzito kupita uwezo wa mitungi, ilhali Royal Albert Dock, iliyofunguliwa jirani mwaka 1880, ilikuwa na vyelezo vikavu viwili. Mtambo uliacha kazi kabla karne hiyo haijaisha. Bandari zenyewe zilifungwa kwa meli za mizigo mwaka 1981, ingawa kituo cha treni kilicho karibu na hapo bado kinaitwa Pontoon Dock. Clark naye alishiriki kubuni lifti ya mashua ya Anderton, kaskazini-magharibi mwa Uingereza, iliyofunguliwa mwaka 1875 na ambayo mwanzoni ilitumia nguvu hiyohiyo ya maji.