Msumari wa Sakafu ya Mbao Ngumu: Ushauri kwa Seremala Anayeanza

Fundi mgeni wa kazi ya sakafu huuliza kwanza anunue mashine gani ya kupigilia misumari, ilhali linalopaswa kutangulia ni unene wa ubao, ugumu wake na kitakachoushika msumari huko chini. Zege peke yake halifai. Litandazwe plaiwudi nene au lifungwe papi, yaani vipande virefu vyembamba vya mbao, na mbao zilale kwa kuzikatiza papi hizo.

Ubao wenye ulimi (ukingo uliochomoza ubavuni) na mfereji (mtaro wa ubavu wa pili unaoupokea ulimi) hupigiliwa kwa kuficha: msumari huingia kwenye kona ya juu ya ulimi kwa mlalo wa nyuzi 45, kisha mfereji wa ubao unaofuata huufunika. Safu ya kwanza na ya mwisho hupigiliwa kwa juu, kwa kuwa ukuta hauachi nafasi ya kuinamisha mashine. Kwa ubao wa milimita 19, msumari wa inchi 2 unatosha, kila baada ya sentimita 20 hadi 25, na usisogee karibu zaidi ya sentimita 5 na mwisho wa ubao.

Kati ya msumari bapa wenye meno na pini ya miguu miwili, mimi huchagua wa meno kwa mbao zetu ngumu. Pini hushika vizuri na ni rahisi, lakini miguu yake miwili hupasua ulimi mkavu upesi, na ulimi uliopasuka haushiki kitu hata ukionekana mzima kwa juu. Mashine ya upepo ijaribiwe kwanza kwenye kipande cha ubao uleule: kichwa kikizama mno punguza upepo, kikibaki nje ongeza.

Asiye na mashine asione haya, maana nyundo hufanya kazi safi ila huchelewesha. Mninga na mvule zitobolewe kwanza kwa biti nyembamba kuliko msumari. Muhuhu, kwa ugumu wake, usithubutu kuupiga bila kutoboa. Mapigo ya mwisho yapitie kwenye chuma chenye ncha butu, kwa sababu uso wa nyundo ukigusa kona ya ulimi nyuzi za mbao huvimba, na ubao unaofuata hukataa kukaza, hata ukiugonga kwa kigogo. Hapo usilazimishe: kwangua uvimbe kwa patasi, ujaribu tena kwa mkono kabla ya kushika nyundo.