Maswali Yenu: Moto Ulizimwa Magharibi, Ukarudi Saa Saba Usiku

SWALI: Habari za kazi kaka. Mimi nakaa Dar, huku Mbagala, nyumba zetu zimebanana ukuta kwa ukuta. Jumapili jirani alifagia uwanja wake akakusanya majani ya mwembe, vifuu, makaratasi na mabaki ya mbao akachomea kwenye kona inayopakana na kwetu. Ilivyofika magharibi akamwagia ndoo moja ya maji akaingia ndani, na sisi tukaona umezimika, hata moshi hamna. Saa saba usiku nasikia kuku wanapiga kelele nikajua kicheche huyo, kufungua dirisha nakuta banda zima jekundu na mbao za kenchi alizonunua mume wangu zimeshashika. Tukapiga mayowe majirani wakatoka na ndoo, bombani maji yalikuwa hayatoki tukawa tunachota kwenye simtanki, wengine wanarusha mchanga mpaka ukaisha. Kuku tisa wamekufa, mbao nusu zimeungua, mume wangu kaungua mkono tukampaka dawa ya meno. Zimamoto hatukupiga maana kuna mtu alisema wakija unalipia. Jirani anasema yeye alizima, huo ni upepo, kazi ya Mungu. Moto uliomwagiwa maji unarudije? Na mbao zetu nani analipa? (Mama Wawili)

JIBU: Pole sana dada yangu na mpe pole baba watoto. Jirani yako kusema alizima hakudanganya, alizima alichokiona. Ndoo moja juu ya rundo la takataka inalowesha jivu la juu tu, jivu likishalowa linashikana linakuwa kama mfuniko, na chini yake vile vifuu na vipande vya mbao vinaendelea kuiva taratibu bila moshi wa kukushtua. Umewahi kuona wachoma mkaa wanavyofanya? Wanafukia magogo kwa udongo makusudi, na tanuri linakaa siku na siku linaungua ndani kwa ndani. Jirani alitengeneza tanuri pale kwenye kona bila kujua.

Ndo maana na huo mchanga wenu, kwa usiku ule mlifanya sawa kabisa maana unakata ndimi za moto, ila asubuhi yake mlitakiwa mfukue. Kama mpaka sasa hamjafukua, weka hili gazeti chini ukafukue kwanza.

Hilo la upepo nalo lina ukweli kidogo. Huku pwani mchana upepo unatoka baharini, usiku mara nyingi unageuka unatoka bara, kwa hiyo inawezekana kabisa cheche ambazo jioni zilikuwa zinaelekea kwake usiku zikawa zinaelekea kwako. Lakini upepo hauwashi moto uliokufa, unawasha uliolala.

Kuzima ni hivi, chukua jembe au reki utandaze lile rundo lote, mwagia, geuza, mwagia tena, ukisikia bado linafanya chwiii ujue halijafa, endelea. Halafu pitisha kiganja juu juu bila kugusa usikilize joto. Mimi mwenyewe niliwahi kukanyaga jivu la jana yake na kandambili, nikatoka na kandambili moja na nusu, kwa hiyo sikufundishi kitu nilichosoma tu.

Zimamoto namba ni 114, kupiga ni bure, na msisubiri mpaka nyumba ishike ndo mpige. Ukipiga usiseme tu "Mbagala kuna moto", Mbagala kubwa hiyo, taja mtaa, taja msikiti au shule iliyo karibu, na mtume kijana mmoja akasimame barabara kubwa na tochi awapokee maana usiku vichochoro vyote vinafanana. Na pale palipo na waya wa umeme unaoungua msimwage maji kabla hamjazima umeme kwenye meni swichi.

Dawa ya meno hapana jamani!! Ukiungua ni maji safi ya baridi yanayotiririka dakika 20, si barafu, si yai, si asali, si mafuta. Kidonda kikiwa na malengelenge makubwa au kimeanza kutoa usaha aende kituo cha afya leo.

Mbao sasa. Kosa la jinai la kuchoma mali linataka makusudi na hapa makusudi siyaoni, mkienda polisi na hoja hiyo mtazungushana tu. Ila uzembe upo na fidia mnaweza kudai. Ningekuwa wewe ningeanza kwa mwenyekiti wa mtaa, nenda na picha za banda na mbao, risiti ya mbao kama ipo, na majirani wawili waliobeba ndoo, mkielewana muandike kwa maandishi analipa kiasi gani na kwa awamu ngapi, wote msaini. Akikataa ndo mfikirie mahakama. Na kuku muwahesabu, msione aibu.

SWALI: Jirani anachoma pampasi na mifuko ya plastiki kila saa tano usiku ili asionekane, moshi wote unaingia kwetu na mtoto ana pumu. Nifunge tu madirisha? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Kwanza mifuko ya kubebea ya plastiki ilipigwa marufuku tangu Juni 2019, huyo anaitoa wapi ya kuchoma kila usiku? Kufunga madirisha hakutoshi, moshi wa plastiki una sumu na unapenya hata kwenye mwanya wa mlango. Usiende kugombana naye usiku, nenda mchana na wenzio wawili watatu kwa mjumbe, na bwana afya wa kata ajulishwe, hiyo ni kazi yake. Usiku akianza mhamishie mtoto chumba cha upande wa pili, na dawa yake ya kuvuta iwe karibu, si kabatini.