Boti ya jeti na magugu ya Winam

SWALI: Shikamoo fundi. Nimenunua boti ya jeti iliyotumika, ya kwanza maishani, nibebe wageni kutoka ufuo wa Dunga, Kisumu. Injini inanguruma vizuri, lakini nikiongeza mafuta boti haiendi. Nibadilishe injini? – Msomaji, Nyalenda

JIBU: Marahaba, ndugu yangu. Tafadhali usiuze ng'ombe kwa ajili ya injini! Boti hii haina propela ya nje. Pampu hufyonza maji chini ya boti na kuyarusha nyuma kwa nguvu. Injini ikipandisha mizunguko bila mwendo, pampu inakosa maji, na katika ghuba yetu ya Winam, Ziwa Victoria, mshukiwa wa kwanza ni gugumaji. Zima injini, toa ufunguo kabisa ndipo upeleke mkono, kisha safisha wavu wa chini, ule wa chuma unaochuja maji yanayoingia kwenye pampu. Utakuta mizizi, pengine na uzi wa nyavu za wavuvi umejisokota kwenye shafti, ile nondo inayozungusha pampu.

Kama ni safi, angalia impela, yaani panga la ndani ya pampu linalosukuma maji, na pete inayoizunguka. Mchanga huzila zote mbili, pengo likapanuka, maji yakateleza kurudi. Kubadilisha pete ni nafuu kuliko injini. Ndiyo maana nawasihi: maji yasipofika kiunoni, sukuma boti kwa kasia, pampu isifyonze mchanga.

La wageni linanihangaisha zaidi. Jeti, yaani yale maji yanayorushwa nyuma, ndiyo usukani wako. Ukiachia mafuta ghafla ili kukwepa mtumbwi, boti haikati kona, inanyooka moja kwa moja. Fanya mazoezi ukiwa peke yako, mbali na wavuvi, umevaa jaketi la kuokolea.