Kulwicki hakubahatisha

Ndugu, unauliza kama Alan Kulwicki alibahatisha ubingwa wa NASCAR, mashindano ya mbio za magari ya Marekani, mwaka 1992. Hapana kabisa! Alikuwa mhandisi kutoka Wisconsin, dereva na mwenye timu, na alikataa kumwendeshea Junior Johnson, mwenye timu nyingine, ili abaki huru. Zikiwa zimebaki mbio sita alikuwa nyuma ya kinara, Bill Elliott, kwa pointi 278. Mbio za mwisho, Atlanta, timu yake ikapiga hesabu: wakati huo aliyeongoza mizunguko mingi zaidi katika mbio alipata pointi 5 za ziada. Kulwicki akaongoza mizunguko 103, Elliott 102. Elliott, dereva wa Johnson huyohuyo, akashinda mbio, Kulwicki akachukua taji kwa pointi 10. Zile 5 zingeenda kwa Elliott wangelingana, na taji lingekuwa la Elliott, maana alishinda mbio nyingi zaidi msimu ule.