Ukigeuza darasa, linda ile saa

Mwenzangu uliyeajiriwa juzi, huenda tayari umekabidhiwa somo na kuambiwa uligeuze: wanafunzi wasikilize mihadhara kwa video kabla ya kipindi, na kipindi chenyewe kiwe cha mazoezi. Mimi nafundisha takwimu za mwaka wa kwanza, na darasa geuzi nimekuwa nalo kwa miaka kadhaa sasa. Hapa nakueleza yale ambayo ningefurahi sana kuambiwa kabla sijaanza.

Likizo yote iliyotangulia muhula wangu wa kwanza wa mtindo huu niliimaliza kwenye kurekodi. Kila mhadhara wa dakika 50 niliurekodi mzima, nikasafisha sauti, nikarudia kila nilipokwama. Siku ya kwanza nikaingia darasani na kuuliza, "Nani ameangalia?" Mikono michache ikapanda. Nikawaonea huruma waliobaki, nikawafupishia video nzima kwa nusu saa. Wiki iliyofuata mikono ikapungua. Aliyeangalia alijiona amepoteza jioni yake bure, na asiyeangalia alishajua kwamba mwalimu atamsimulia. Kufikia wiki ya tano nilikuwa natoa mihadhara kama zamani, ila sasa juu ya mihadhara nilikuwa na kazi ya kurekodi pia.

Kwa hiyo, hata ukisahau mengine yote, hili lishike: usiirudie video darasani. Hata mara moja. Asiyeangalia akae nyuma, avae hedifoni, aangalie pale pale kisha ajiunge na wenzake. Hilo halimwaibishi, na linawaambia walioangalia kwamba jioni yao ina thamani. Usiku wa kuamkia kipindi waulize maswali matatu mafupi kwenye mfumo wa kozi, yenye alama chache tu. La tatu liwe hili kila wiki: "Ni wapi hapakueleweka?" Majibu yasome asubuhi kabla hujatoka nyumbani. Kipindi changu huanzia hapo, kwa sentensi waliyoandika wao wenyewe.

Kuhusu video sina mengi. Mwaka 2014 watafiti walichambua takribani mara milioni 6.9 ambazo watu waliangalia video za kozi za edX, jukwaa la kozi za mtandaoni, wakaona kwamba baada ya dakika kama 6 watu huanza kuondoka. Waliona pia kwamba mwalimu aliyekaa mezani kwake akizungumza kwa kawaida huwashika watazamaji kuliko aliyepelekwa studio ya gharama. Basi kata vipande vifupi, usihangaike na taa. Kabla ya kupakia, fungua kila kipande kwenye simu. Mwanafunzi wangu mmoja alinionyesha jedwali langu kwenye simu yake yenye kioo kilichopasuka: safu mbili za mwisho hazikusomeka kabisa, na mimi nilikuwa nimejenga somo zima juu ya safu hizo. Tangu siku hiyo naandika namba kubwa, naweka na maandishi ya somo kwa wale ambao bando limewaishia.

Sasa ile saa yenyewe, yaani kipindi cha darasani. Huko ndiko nguvu zako ziende, na ndiko wengi tunakopungukiwa, kwa sababu kamera inafundishika kwa siku moja lakini swali zuri halipatikani hivyo. Eric Mazur, mwalimu wa fizikia wa Harvard, alianza mwaka 1991 kuwauliza wanafunzi wake maswali ya dhana katikati ya kipindi na kuwataka wajadiliane wawili wawili. Video za mtandaoni hazikuwapo. Walisoma kitabu kabla. Kanuni yake ya kazi ni rahisi. Waliopatia wakiwa chini ya theluthi ya darasa, eleza upya. Wakiwa zaidi ya asilimia 70, songa mbele. Wakiwa katikati, waache wabishane.

Nikupe swali ninalolitumia mwenyewe. Katika kila watu 1,000, watu 10 wana ugonjwa fulani. Kipimo huwabaini 9 kati ya hao 10. Kwa wasio na ugonjwa, kipimo hukosea na kusema wanao mara 9 katika kila 100. Mtu amepimwa, kimesema anao. Uwezekano kwamba kweli anaumwa ni karibu asilimia 90, karibu 50, au karibu 10? Kila mtu anafikiri peke yake kimya kwa dakika moja, kisha anainua kidole kimoja, viwili au vitatu kifuani, jirani asione. Karibu kila mwaka vidole vingi ni kimoja. Sisemi nani amepatia. Nasema, "Mtafute aliyeinua tofauti na wewe, mshawishi."

Hapo kelele huanza, nami napita katikati ya madawati nikisikiliza tu. Mwaka jana binti mmoja, ambaye kwa wiki nne hakuwa amefungua kinywa, aligeuza daftari lake upande na kuchora masanduku mawili: dogo akaandika 10, kubwa akaandika 990. Kwenye dogo akatenga 9. Kwenye kubwa akapiga hesabu, akatenga 89. Akamsukumia jirani daftari na kumwambia, "Kipimo kimewaita hawa wote 98. Wagonjwa ni wangapi?" Jirani alikaa kimya muda mrefu, kisha akafuta jibu lake. Mimi nilikuwa nimelieleza jambo hilo hilo kwenye video, kwa kanuni na alama zake zote, na yule jirani alikuwa ameiangalia yote. Tulipopiga kura ya pili, vidole vitatu vilijaa chumbani. Ndipo nikaenda ubaoni na kutoa mhadhara wa dakika kumi, na sijawahi kusikilizwa vile.

Usinielewe vibaya, sina ugomvi na mhadhara. Mtu akishahangaika na swali, maelezo ya mwalimu humwingia. Somo langu lenyewe nimeligeuza nusu tu. Mada zilizobaki nazifundisha kwa mdomo na chaki, kwa sababu sijazipatia maswali yanayostahili saa nzima.

Utakutana na mabishano kuhusu haya yote, na yanafaa uyajue kwa mifano. Mwaka 2011 kozi ya akili bandia ya Stanford, iliyofundishwa na Sebastian Thrun na Peter Norvig, iliandikisha watu wapatao 160,000 mtandaoni. Walioimaliza ni kama 20,000 na ushei. Mwaka uliofuata yakazaliwa majukwaa ya kozi za mtandaoni, Udacity, Coursera na edX, na watu wakaanza kutabiri mwisho wa chuo kikuu. Lakini angalia kilichotokea katika chuo kimoja, San Jose State cha California. Mwishoni mwa 2012 darasa la saketi za umeme lilitumia video za MIT nyumbani, kisha wanafunzi wakatatua matatizo kwa vikundi mbele ya mwalimu wao: waliofaulu walikuwa asilimia 91, wakati madarasa ya kawaida yalikuwa chini ya 60. Miezi michache baadaye chuo hicho hicho kilijaribu na Udacity kozi za hisabati za mtandaoni pekee, na Julai 2013 kikazisimamisha kwa muda kwa sababu matokeo yalikuwa mabaya. Makundi hayo mawili hayakufanana. Baadhi ya wale wa hisabati walikuwa wameshaanguka somo hilo awali, na wengine hawakuwa na kompyuta ya uhakika. Mimi nasoma hivi: wale waliohitaji zaidi mtu wa kumuuliza ndio walioachwa na skrini.

Mwaka huo huo idara ya falsafa ya chuo hicho ilikataa kutumia kozi ya edX ya Michael Sandel wa Harvard, na ikaandika barua ya wazi kueleza sababu. Waliogopa wanafunzi wao kubaki wanamtazama profesa akijadiliana na wanafunzi wa chuo kingine, wao wenyewe hawaulizwi kitu. Naona hoja yao ilikuwa ya haki. Ukiambiwa siku moja kwamba video zimeshanunuliwa, kwa hiyo vipindi vya ana kwa ana vipunguzwe, ipinge kwa heshima lakini ipinge. Video ni kwa ajili ya kuifungua ile saa. Ikitumika kuifuta, wanafunzi hawatabaki na kitu.

Jambo la mwisho, wanafunzi wenyewe watalalamika. Watasema hufundishi. Itakuuma, hasa kwenye tathmini ya mwisho wa muhula. Utafiti uliofanyika Harvard katika fizikia na kutolewa 2019 ulikuta kwamba waliofundishwa kwa kushirikishwa walijifunza zaidi, lakini wao waliona wamejifunza kidogo kuliko wenzao waliosikiliza mhadhara mzuri. Kuhangaika huonekana kama kutoelewa. Waeleze hilo wiki ya kwanza, urudie baada ya jaribio la kwanza wakishaona alama zao.

Muhula huu usigeuze somo zima. Chukua mada moja, na uandike swali kabla hujagusa kamera. Wapelekee walimu wenzako wawili wakati wa chai. Wakikubaliana mara moja, lipeleke nyumbani ulitengeneze upya. Wakianza kubishana na chai ikapoa, nenda karekodi.