Bodi ikining'inia haijinyooshi

SWALI: Fundi, shikamoo. Nina Peugeot 504 saluni aliyoiacha marehemu baba, imekaa chini ya mwembe miaka mingi. Sakafu imeoza, na maboksi ya chini ya milango, kulia na kushoto, yanatoboka kwa kidole. Nimeshavua injini, milango, viti na vioo. Nataka kutengeneza stendi ya kugeuzia bodi kwa kuunganisha stendi mbili za injini kwa skwea paipu, halafu nikate maboksi yote mawili bodi ikiwa imelala ubavu. Nimeambiwa stendi yenyewe itaishika isipinde. Nitumie chuma cha unene gani? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Marahaba. La chuma nalijibu upesi, kwa sababu si chuma kitakachokuliza. Skwea paipu ya milimita 75 kwa 75, unene wa milimita 4, inatosha, maana bodi tupu ya saluni kama hiyo haifiki nusu tani. Miguu ya stendi za injini ifumue, uweke msingi wenye upana usiopungua mita moja na nusu. Stendi ile ilitengenezwa kubeba injini iliyo karibu na kichwa chake kinachozunguka, si bodi ya mita nne na ushee inayoyumba. Kwenye kichwa weka sahani yenye matundu na pini nene inayopenya hadi upande wa pili. Kubana paipu kwa boliti moja ukiamini msuguano, hapana.

Mikono ya kufungia bodi iwe inapanda na kushuka, kwa ajili ya mizani. Igeuzeni kidogo mkiwa watu watatu. Ikivuta kurudi ilikotoka, uzito uko chini ya mhimili, pandisha bodi. Ikitaka kupinduka yenyewe, uzito uko juu, ishushe. Endelea hivyo sentimita mbili mbili hadi ibaki pale unapoiacha. Na pale unapofungia, kwenye boliti za bampa, chokonoa kwanza na bisibisi. Ikizama, hapo si pa kuning'iniza gari.

Sasa nije kwenye hili la "stendi itaishika isipinde". Jamani, nani anawafundisha? Sipiti mwezi bila kulisikia, na kila mara aliyelisema ni fundi fulani ambaye hakuwepo milango ilipokataa kufunga.

504 si Land Rover ya zamani yenye chasisi inayojitegemea. Bodi ndiyo chasisi, na maboksi hayo mawili ndiyo mifupa ya chini. Stendi yako inaishika bodi kwenye ncha zake mbili tu. Ukikata mifupa ya katikati, umebaki na machela: wabebaji wako mbele na nyuma, mgonjwa amedidimia katikati. Tundu la mlango linabanwa juu na kuachama chini. Bodi inapinda milimita chache tu, jicho halioni, kisha unachomelea maboksi mapya juu ya upindaji huo. Hapo umeufunga kwa moto.

Niliwahi kuletewa gari la namna hiyo. Mlango wa dereva ulikuwa unakwaruza juu, na chini kidole gumba kilipita. Aliyetangulia hakurudi kupima. Alisaga ukingo wa mlango kwa grenda, akajaza puti, ule ujiuji wa kuziba mabonde unaoganda, akapiga rangi nyeupe inayong'aa, akalipwa. Mwenye gari aliniambia anataka "kurekebishiwa bawaba". Bawaba hazikuwa na kosa lolote.

Kwa hiyo, ndugu yangu, hatua yako inayofuata si kununua chuma. Rudisha milango. Bodi ikae wima, imeegemezwa mahali magurudumu yanapobebea uzito, usawa umepimwa kwa pima maji. Funga milango, panga nafasi zake zote sawasawa. Ndipo utoe milango tena na kuchomelea skwea paipu ndogo za milimita 25 ndani ya kila tundu, toka nguzo ya mbele hadi ya kati, na nyingine zikivuka kutoka upande wa kulia hadi wa kushoto. Pima kwa futi kona hadi kona, andika vipimo kwa kalamu ya rangi mahali hapatafutika. Kisha kata boksi moja. Moja tu. Likishachomelewa na mlango wake ukajaribiwa, nenda la pili. Baada ya hapo ndipo stendi ina kazi: kugeuza, kukwangua kutu, kuchomelea sakafu bila cheche kukudondokea shingoni, kupaka rangi ya kuzuia kutu hadi kwenye pembe zisizofikika.

Na kama paipu uliyonunua ni ile ya maji yenye zinki, isage zinki yote kabla ya kuchomelea, ufanye kazi nje penye upepo. Moshi wake unaleta homa ya usiku kucha. Watakuambia unywe maziwa. Maziwa yanakwenda tumboni, moshi uko kwenye mapafu.

Wapo pia wasomaji wanaopanga kununua magari ya zamani "yaliyorudishwa upya" kwa sababu 504 ilishinda Safari Rally mwaka 1975 na 1978, basi wanadhani haifi. Bati lake linakufa kama bati lingine. Usiangalie rangi. Fungua mlango polepole, unyanyue kidogo, uuachie, usikilize. Funga sumaku ndogo kwenye kitambaa, ipitishe chini ya mlango na kwenye boksi. Isiposhika, unanunua puti. Ile niliyoikwangua kwenye mlango mmoja wa gari lile jeupe ilijaza kopo la rangi la lita nne, na chini yake palikuwa na kipande cha gazeti, ukurasa wa michezo, bado unasomeka.