Kantangaze alivyonifundisha kutafuta

Wanafunzi, wiki ya kwanza ya field, yaani mafunzo kwa vitendo, huwa ni ileile kila mwaka. Mkulima anatuma WhatsApp picha ya jani la nyanya lenye mabaka, nampa mmoja wenu atafute ni nini, na baada ya nusu saa anarudi: "Kaka, mtandaoni hakuna kitu." Nikiomba simu nione alichoandika, nakuta: dawa ya mdudu anayekula majani ya nyanya. Sicheki. Nami nilianzia hapohapo, tena kwa bando la kuunga-unga.

Tatizo la sentensi hiyo ni kwamba ni ya muulizaji. Mtaalamu aliyeandika waraka mzuri kuhusu mdudu huyo hakuandika "mdudu anayekula majani", kwa sababu anamjua kwa jina. Basi kabla hujatafuta dawa, tafuta jina. Kaa kidogo ujiulize: ukurasa ninaoutaka, mwenye kuuandika angetumia maneno gani?

Tuchukue huyuhuyu wa nyanya. Ukimuuliza mkulima mwenyewe, au mwenye duka la pembejeo, atakwambia ni kantangaze. Hilo tayari ni neno la kutafutia, bora mara kumi kuliko "mdudu". Ila wengine huandika kanitangaze, kwa hiyo andika yote mawili: kantangaze OR kanitangaze, hiyo OR kwa herufi kubwa, ikiwa ndogo haifanyi kazi. Ukurasa wa pili au wa tatu utakaofungua utakupa jina la kisayansi, Tuta absoluta. Linakili, lifungie ndani ya alama za kunukuu ili maneno mawili yatafutwe yakiwa pamoja, "Tuta absoluta", kisha tafuta upya. Hapo sasa ndipo mlango unapofunguka, maana jina hilo ni lilelile kwa Mtanzania, Mkenya na Mbrazili.

Halafu usiishie kwenye Kiingereza. Mdudu huyu asili yake ni Amerika Kusini. Hispania alionekana mwaka 2006, kwetu Tanzania akaingia 2014. Maana yake Wahispania walianza kupambana naye miaka minane kabla yetu, na Waamerika Kusini zamani zaidi. Andika "polilla del tomate", fungua matokeo, iambie simu itafsiri ukurasa. Kiswahili kitakachotoka ni cha kuchekesha, lakini mpango wa mitego ya harufu utauelewa. Kuna kitu kingine kinachowapita wengi: tangu 2021 wataalamu wengi wamemhamishia jenasi nyingine (kundi la viumbe linalobeba neno la kwanza la jina la kisayansi), wanamwita Phthorimaea absoluta. Ukitafuta jina la zamani peke yake, utafiti mpya unaweza kukuponyoka.

Sasa niwaambie kosa langu. Miaka ya mwanzo mkulima aliniomba ushauri wa funza wa vitumba kwenye nyanya. Nikapata PDF safi, ina nembo, ina jedwali la vipimo, nikamsomea mkulima kwa simu jina la kiuatilifu: endosulfan. Akaenda nalo dukani. Mwenye duka akanipigia mwenyewe, kwa upole ulioniuma kuliko matusi, akaniuliza nimeitoa wapi dawa hiyo. Endosulfan iliingizwa mwaka 2011 kwenye orodha ya kemikali za kuondolewa duniani chini ya Mkataba wa Stockholm. Waraka wangu ulikuwa wa kabla ya hapo, na tarehe ilikuwepo, ukurasa wa mwisho, kwa maandishi madogo. Sikuwa nimefika ukurasa wa mwisho.

Tangu siku hiyo, tarehe naiangalia kabla ya kusoma lolote. Unaweza pia kuiweka kwenye utafutaji wenyewe: after:2020 baada ya maneno yako, na Google itakuletea vya baada ya mwaka huo. Haipatii kila mara, kwa sababu tovuti nyingine hubadilisha tarehe hovyo, lakini inapunguza takataka.

Kwa mambo ya viuatilifu nenda kwa wenye mamlaka moja kwa moja. Andika site:go.tz kisha maneno yako, na utabaki na tovuti za serikali tu, site:ac.tz ni ya vyuo, humo utakutana na kazi za SUA, Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine. Ukiongeza filetype:pdf unapata nyaraka zenyewe badala ya habari za uzinduzi na picha za wageni rasmi. Usiache nafasi baada ya nukta mbili. Na mkumbuke taasisi hubadilika majina: kazi nyingi zilizokuwa za TPRI, taasisi ya utafiti wa viuatilifu, sasa ziko chini ya TPHPA, Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, iliyoundwa kwa Sheria ya Afya ya Mimea ya mwaka 2020, hivyo linki za zamani nyingi zimekufa. Linki ikifa, inakili uipeleke kwenye Wayback Machine ya Internet Archive, hifadhi ya kurasa za zamani za mtandao. Mara nyingi nakala imo.

Kiswahili chetu kina vituko vyake humu. Ukiandika tomato au tomatoes kwa Kiingereza, mtambo wa kutafutia unajua ni kitu kimoja. Ukiandika kiuatilifu, usitegemee kwamba utaletewa pia kila penye viuatilifu. Jaribu umoja na wingi: mdudu, wadudu, jani, majani. Na neno nyanya lenyewe ni mtego, kwa Wakenya nyanya ni bibi, utaletewa hadithi za bibi na wajukuu. Ongeza neno la shambani kama miche au ekari na bibi wataondoka. Nyanya chungu zikikusumbua, weka alama ya kutoa iliyogusana na neno: nyanya -chungu.

Picha nayo inatafutika, kwa Google Lens. Ila si picha ile ya mkulima ameshika beseni huku jua liko nyuma yake. Mwambie achume jani moja, aliinue kwenye mwanga ili ile mifereji iliyochimbwa katikati ya ngozi mbili za jani ionekane, apige kwa karibu. Jibu la picha lichukulie kama fununu ya jina, kisha rudi ukalihakiki kwa maneno.

Mtaniuliza kuhusu majibu ya akili mnemba yanayotokea juu kabisa siku hizi. Nayasoma, tena kwa kupata jina la kitu yananisaidia. Kipimo cha dawa sichukui hapo. Nimeshaona jibu moja likichanganya kipimo cha hekta na cha ekari ndani ya aya moja, na hekta ni karibu ekari mbili na nusu, kwa hiyo piga hesabu mwenyewe kilichokuwa kinaelekea kumwagwa shambani. Fungua chanzo, bonyeza "tafuta kwenye ukurasa", andika jina la dawa, soma mstari wenyewe kwa macho yako. Kisha soma na kibandiko cha chupa, maana chupa ndiyo aliyonayo mkulima mkononi.

Kwenye droo ya pili ya meza yangu kuna daftari la jalada jekundu. Kushoto nimeandika majina ya wadudu na magonjwa kama wakulima wanavyoyaita, kulia jina la kisayansi, na chini yake maneno ya utafutaji yaliyonipa jibu. Mkikutana na jina ambalo halimo, liandikeni kwa kalamu ya wino, pamoja na kijiji mlikolisikia.